Mpiga Dramu Hakuchezea Hela

Imekuja tena ile hadithi. Watu wanne, albamu moja, jukwaa moja, na miaka 30 baadaye mwimbaji ana jumba huku mpiga dramu akifundisha watoto kushika vijiti kwa malipo ya saa. Jibu huwa tayari mdomoni: "Alichezea hela huyo." Pombe, starehe, unga. Mwenzake alikuwa na akili ya kuweka akiba.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za mirabaha, yaani malipo anayopata mwenye haki kila wimbo unapouzwa au kupigwa, na hoja hii imenichosha. Walevi wapo, wafujaji wapo, na wanapatikana katika kila nafasi ya bendi, ya mwimbaji ikiwemo. Lakini ulevi hauelezi kwa nini wimbo uleule, uliopigwa redioni saa ileile, unamletea mmoja malipo na mwingine haumletei kitu. Ukitaka kujua sababu, soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo. Hao ndio watunzi.

Nipite haraka kwenye msingi. Wimbo uliorekodiwa una hakimiliki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani melodia na maneno. Nyingine ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Ya rekodi kwa kawaida hushikwa na kampuni, na bendi hupewa asilimia yake baada ya gharama kukatwa. Ya utunzi ni ya mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayomsimamizia utunzi, na gharama za studio haziigusi, labda mkataba uwe mbaya kupita kiasi. Marekani, redio za AM na FM hazimlipi aliyepiga chombo kwenye rekodi hata senti moja. Zinamlipa mtunzi, kupitia vyama vya kukusanya mirabaha kama ASCAP na BMI. Uingereza mpiga dramu ana afadhali, maana shirika la PPL hukusanya kwa niaba ya wapigaji pia. Redio za intaneti za Marekani nazo hulipa: shirika la SoundExchange hugawa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa wasanii wakuu, na 5 kwa wanamuziki wa kukodiwa.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu atarudi palepale kwenye pombe. Chukua bendi ya wanne, albamu ya nyimbo 10, zote kaziandika mwimbaji. Soko ni Marekani katika miaka ile ambayo kiwango cha kisheria cha kunakili utunzi kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo, kati ya 2006 na 2022. Mkataba una kile kifungu ambacho kampuni hukipenda sana, cha kulipa robo tatu tu ya kiwango iwapo mtunzi ndiye msanii mwenyewe. Hiyo ni senti 6.825 kwa wimbo, au senti 68.25 kwa albamu. Zikiuzwa nakala 1,000,000, mfuko wa utunzi unapata dola 682,500. Mchapishaji akichukua robo, mwimbaji anabaki na dola 511,875.

Mfuko wa rekodi tuupe dola 1.20 kwa nakala, yaani dola 1,200,000. Toa malipo ya awali ambayo bendi ilishapewa na kampuni, 250,000, studio 300,000, nusu ya gharama za video 100,000, na msaada wa ziara 150,000. Zinabaki 400,000. Meneja anachukua asilimia 20, zinabaki 320,000, mnagawana wanne: dola 80,000 kila mmoja. Sijamgusa prodyuza wala mwanasheria. Kwa hiyo, ukiacha malipo ya awali, mpiga dramu ana 80,000 na mwimbaji ana 591,875, na wote wawili ni mastaa wa nakala milioni moja.

Punguza mauzo yawe nakala 600,000. Mfuko wa rekodi unapata 720,000 dhidi ya gharama za 800,000, kwa hiyo bendi bado inadaiwa 80,000 na hakuna anayepata kitu zaidi. Mfuko wa utunzi, ambao haudaiwi, umemlipa mwimbaji dola 307,125. Watu watatu wanaambiwa albamu haijarudisha gharama, wa nne ananunua nyumba. Ugomvi wa bendi nyingi mnaouita wa "tofauti za kisanaa" huanzia hapo.

Queen walilijua hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1975 singo ya "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka ikiwa na "I'm in Love with My Car" ya mpiga dramu Roger Taylor upande wa B. Nani alinunua santuri ile kwa ajili ya upande wa B? Haijalishi. Kila nakala iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande wa pili kiasi kilekile alicholipwa wa upande wa kwanza. Ugomvi kuhusu jambo hilo ulidumu miaka, na kufikia albamu ya 1989, The Miracle, nyimbo zote zikaandikwa kwa jina la bendi nzima.

Kuna swali ambalo watu hulipita kana kwamba ni dogo: kutunga ni nini hasa? Nasikia kila siku, "Lakini yeye ndiye aliyeupa wimbo ule uhai!" Sawa. Kuupa wimbo uhai ni upigaji. Kama ni utunzi pia, inabidi uthibitishe, na mahakama hazina mzani mmoja. Angalia kesi mbili za Uingereza. Bendi ya Spandau Ballet: Tony Hadley, Steve Norman na John Keeble walimshtaki mwenzao Gary Kemp, aliyeandikwa kuwa mtunzi, wakidai mgao wa mapato ya utunzi, na mwaka 1999 wakashindwa. Saksafoni ya Norman katika "True" inajulikana dunia nzima, lakini jaji aliiona kuwa ni upigaji mzuri wa wimbo wa Kemp, basi. Kemp alikuwa akifika mazoezini na nyimbo zilizokamilika, na wenzake walikuwa wakizipamba.

Bendi ya Procol Harum: Matthew Fisher alipiga ogani katika "A Whiter Shade of Pale" ya 1967. Alifungua kesi 2005, karibu miaka 40 baadaye, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa asilimia 40 ya utunzi wa muziki. Mahakama ya Rufaa ikamwachia jina la utunzi na kumnyima pesa mwaka 2008, kisha House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule, ikamrudishia mgao wake 2009. Malipo yalihesabiwa kuanzia Mei 2005 alipodai. Miongo yote ya nyuma ilikwenda na maji.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaonijibu kwamba sheria iko wazi. Tofauti ya saksafoni na ogani mnaieleza vipi? Ninachoweza kusema ni hiki. Ogani ya Fisher ina melodia yake mwenyewe. Inaanza kabla ya mwimbaji, inarudi kati ya beti, na unaweza kuiandika kwenye karatasi, akaipiga mtu mwingine, na kila msikilizaji akautambua wimbo. Saksafoni ilichukuliwa kuwa kipande kilichobuniwa juu ya msingi uliokwisha kuwepo. Mimi mwenyewe maelezo haya hayanitoshi. Ukiutumia mzani huo, mpiga besi ana nafasi ndogo na mpiga dramu karibu hana kabisa, kwa sababu sheria ilizoea kutambua kinachoandikika kwenye nota, na mdundo haukuwahi kupewa heshima ile ya melodia. Kuna nyimbo za roki ambazo ukiondoa dramu hakibaki kitu cha kuuza. Mtunzi aliyeandikwa ni mpiga gitaa.

Wakati mwingine aliyepuuzwa si mwanabendi kabisa. Clare Torry alilipwa pauni 30 kuimba bila maneno katika "The Great Gig in the Sky" ya Pink Floyd mwaka 1973. Alikwenda mahakamani 2004, wakamalizana nje ya mahakama 2005, na tangu hapo jina lake limo kwenye orodha ya watunzi.

"Basi gawaneni sawa." Ndiyo, na wapo waliofanya hivyo. R.E.M. waliandika majina yote manne kwa nyimbo zao, na U2 huandika muziki kwa jina la bendi. Bendi hizo zilidumu muda mrefu, na watu hupenda kunionyesha kama ushahidi. Sina hakika. Inawezekana mgao sawa ulileta amani. Inawezekana pia kwamba watu wanaoelewana tangu mwanzo ndio wanaokubali mgao sawa. Nimeziona karatasi za pande zote mbili na bado siwezi kuapa ni kipi kilichotangulia.

Usawa nao una bei yake. The Doors waligawana sawa, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kupinga uamuzi wa kibiashara. Kwa hiyo mpiga dramu John Densmore, peke yake, aliweza kukataa dola milioni 15 za tangazo la Cadillac, wenzake wakitaka wasitake. Unaweza kumwona shujaa au mkaidi. Kimkataba alikuwa na haki, na ni wapiga dramu wachache duniani waliowahi kuwa na nguvu hiyo.

Kingine kinachochanganywa ni mwanachama na mwajiriwa. Kusimama kwenye picha ya jalada hakukufanyi mbia. Na kinyume chake: kama mlifanya kazi kama wabia na hamkuandikiana kitu, Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890 inasema faida ni sawa kwa wote. Mike Joyce, mpiga dramu wa The Smiths, aliitumia. Morrissey na Johnny Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja, yeye na mpiga besi Andy Rourke 10 kila mmoja. Mwaka 1996 mahakama ikaona hakuna makubaliano yanayoondoa usawa ule, Joyce akapata robo yake na malimbikizo ya karibu pauni milioni moja. Rourke alikuwa ameshakubali kumaliza mwaka 1989 kwa pauni 83,000 na asilimia 10 yake. Kazi ileile, bendi ileile, mmoja alisaini mapema na mwingine akasubiri. Na tafadhali, kesi ya Joyce haikuhusu utunzi. Ilihusu rekodi na maonyesho. Utunzi ulibaki wa Morrissey na Marr. Naomba mtu yeyote anayeitaja kesi hii alizingatie hilo kabla ya kunifundisha kazi.

Kuna nyakati ajira ndiyo inayofaa zaidi. Richard Wright aliondolewa Pink Floyd wakati wa kurekodi albamu ya The Wall mwaka 1979, kisha akapiga katika ziara ya 1980 na 1981 kwa mshahara. Ziara ilikula hasara kwa sababu ya ukuta uliojengwa jukwaani na mitambo yake, wabia watatu wakaibeba hasara, na mwajiriwa akaondoka na mshahara wake kamili.

Jina la bendi nitalipitia kwa ufupi tu. Anayelimiliki ndiye anayeuza tiketi. Aliyetoka hulazimika kujitangaza kwa maelezo marefu, "zamani wa bendi fulani", kwa maandishi ambayo mwanasheria wa wenzake amepima ukubwa wa herufi zake. Liandikeni siku ya kwanza: nani analibeba mkivunjika, kura ngapi zinahitajika, anayetoka anaruhusiwa kusema nini kwenye bango. Na mnapotoka studio, jazeni karatasi ya mgao, inayoonyesha nani ana asilimia ngapi ya utunzi, usiku uleule, asilimia zifikie 100 kamili, wote wasaini, kisha kila mtunzi ausajili wimbo kwenye chama chake kwa asilimia zilezile. Zisipolingana, chama huweza kuzuia pesa hadi mpatane. Baada ya wimbo kuvuma hakuna anayekumbuka kwamba kiitikio kilikuwa cha mpiga besi.

Kisha kuna kifo, kinachogeuza hesabu zote. Hakimiliki ya utunzi Uingereza hudumu uhai wa mtunzi na miaka 70 zaidi. Kwa hiyo mtunzi aliyekufa kijana anaendelea kulipwa kupitia warithi, wakati mwenzake aliye hai ana rekodi tu. Mpiga besi Noel Redding na mpiga dramu Mitch Mitchell, waliopiga na Jimi Hendrix, mtunzi aliyekufa kijana, walisaini kuachia madai yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, Redding kwa takriban dola 100,000. Hapakuwa na CD wala striming. Walipewa bei ya haki ambazo hakuna aliyejua zingekuja kuwa nini, na warithi wao wamekuwa wakigombania sahihi zile mahakamani.

Upande wa pili wa makosa haya ni huruma isiyohitajika. John Deacon wa Queen alijiondoa mwaka 1997 na watu bado wanauliza "masikini, yuko wapi?" Huyo masikini ndiye mtunzi wa "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free". Yuko nyumbani kwa hiari yake. Bill Berry wa R.E.M. alipasuka mshipa wa ubongo akiwa jukwaani Lausanne mwaka 1995, akaacha bendi 1997, akaenda kuishi shambani. Jina lake limebaki kwenye kila wimbo wa enzi yake, robo yake kamili, na yeye ni mpiga dramu.