Asilimia 27 ya Apple, na kwa nini duka jipya la apu halifiki mbali

Kazi yangu ni kufuatilia kesi za ushindani wa kibiashara, na kila hukumu ikitoka naulizwa, sasa ukiritimba wa maduka ya apu si umeisha? Wapi!

Chukua kesi ya Epic, kampuni ya gemu la Fortnite, na Apple. Agosti 2020 Epic wakaingiza kwenye Fortnite njia ya kuwalipa wao moja kwa moja ili wakwepe kamisheni ya asilimia 30, siku hiyohiyo gemu likaondolewa App Store, duka la apu la Apple, na Google nao wakaliondoa kwenye Play Store yao. Mwaka uliofuata jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California akasema haijathibitika kwamba Apple ni mkiritimba kwa sheria ya shirikisho la Marekani, ila wasiwazuie watengenezaji kuwaonyesha wateja pengine pa kulipia. Rufaa zikazunguka weee mpaka Januari 2024, mahakama ya juu kabisa ikagoma kuisikiliza. Apple wakasema haya, wekeni linki zenu, ila mauzo yakipitia hapo tunakata asilimia 27. Piga hesabu sasa, anayekuchakatia malipo ya kadi naye anataka chake, kama asilimia 3 hivi, umerudi kwenye 30 ileile, halafu mteja akibonyeza linki anatokewa na ukurasa mzima wa kumtia hofu. Nani ahangaike? Aprili 2025 jaji yuleyule akawatia hatiani kwa kukaidi amri yake makusudi.

Android je? Kule apk, yaani faili la kuinstall apu, unapakua popote tangu zamani, sisi huku tumerushiana apu kwa Xender miaka na miaka bila kumuomba mtu ruhusa. Lakini Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama (jury) San Francisco likakuta Google nao wana ukiritimba haramu, maana kumbe kuruhusiwa si kuwezeshwa, kuna maonyo ya kutisha kabla hujainstall, na kuna mikataba na watengeneza simu ili Play Store ikae mbele.

Na hata ukiyatoa hayo yote bado mtengenezaji haleti apu pasipo na watu, na watu hawaji pasipo na apu. Windows Phone ya Microsoft ilifia hapo. Amazon, na pesa zao zote, Agosti 2025 wamefunga duka lao kwenye simu za Android. Huawei walipokatiwa huduma za Google 2019 wakabaki na AppGallery yao, simu kali, kamera kali, na mteja dukani swali lake ni moja tu: hii ina Play Store?