Nyota huzaliwa hata jirani na shimo jeusi

Huku Mombasa, picha ya shimo jeusi, kitu cha angani chenye uvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka ndani yake, ikizungushwa kwenye WhatsApp, maneno yanayoifuata huwa yale yale: "Hilo humeza kila kilicho karibu."

Halimezi hivyo. Uvutano wake ni sawa na wa kitu chochote chenye uzito kama wake. Sagittarius A*, shimo lililo katikati ya galaksi yetu (mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo Jua limo), lina uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Nyota iitwayo S2 hulizunguka kila miaka 16 na bado ipo. Karibu nalo pia kuna nyota changa, zenye umri wa miaka milioni kadhaa tu.

"Basi shimo likianza kula, nyota hazizaliwi tena." Hapa ipo nusu ya ukweli, na panafaa kutuliwa. Nyota huzaliwa ndani ya gesi baridi mno, yapata nyuzi 260 chini ya sifuri. Gesi inayolizunguka shimo amilifu, yaani linalokula, hupata moto mkali kabla hata ya kuingia, na sehemu yake hufyatuliwa nje kwa kasi inayokaribia ya nuru. Shimo la galaksi ya M87, lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5, huipasha joto gesi iliyoizingira galaksi hiyo isipoe. Ndiyo maana nyota zake karibu zote ni kongwe.

Lakini tazama Henize 2-10, galaksi ndogo sana. Mwaka 2022 watafiti waliotumia darubini ya Hubble walieleza mkondo wa gesi unaotoka kwenye shimo lake hadi eneo la nyota changa, umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka 230. Mkondo huo ni wa polepole kuliko ule wa M87. Haukuifukuza gesi, uliibana, na nyota zikazaliwa.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Hii huniuma kuliko zote. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani yetu hii hii. Iliitwa Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba Cygnus X-1, kitu cha angani kinachotoa eksirei kali, ni shimo jeusi, tena vikaonyesha gesi ya moto iliyotanda ndani ya makundi ya galaksi, likiwemo kundi la Virgo, ambamo M87 imo.