Bakteria wa Mbung'o na Bakteria wa Maharage: Njia ya Kumfikia Mwenyeji Mpya

Mbung'o jike hatagi mayai; hubeba buu mmoja mmoja tumboni, akimlisha kwa maziwa ya tezi zake mpaka atakapomzaa akiwa tayari kujichimbia udongoni. Katika maziwa hayo husafiri bakteria aitwaye Wigglesworthia. Mbung'o, jike kwa dume, hula damu tu, na damu ina uhaba wa vitamini za kundi B, ambazo bakteria huyu huzitengeneza. Jike aliyeondolewa bakteria hao kwa dawa huendelea kuishi, lakini mimba zake huharibika.

Kwa bakteria, basi, uzazi wa mbung'o ndio uzazi wake. Hana njia nyingine ya kumpata mwenyeji mpya, yaani kiumbe wa kuishi ndani yake, kwa hiyo aina inayomdhoofisha mama hupotea pamoja na kizazi chake, na inayomstawisha huongezeka pamoja na wanawe. Gharama yake, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, ni kwamba bakteria aliyefungiwa ndani ya ukoo mmoja hupoteza jeni asizozitumia na hana pa kuzipata tena. Jenomu ya Wigglesworthia, yaani jumla ya maandishi yake ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi zipatazo laki 7, ilhali bakteria E. coli wa utumbo wetu ana zaidi ya milioni 4. Sodalis, bakteria mwingine aliye jirani yake katika mbung'o huyohuyo, alihamia baadaye: bado ana herufi zipatazo milioni 4.2 na hukuzwa maabara, ila jeni zake nyingi zimekwisha kuharibika.

Jamii ya kunde hufanya vingine. Mbegu ya maharage haiwarithi kutoka kwa mama rizobia, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi na kuupa mmea nitrojeni ya hewani. Kila mche huwapata upya udongoni, na vinundu vikioza bakteria hurudi huko. Rizobia anayekula sukari ya mmea bila kutoa nitrojeni angeweza kunufaika, kwa kuwa haangamii na mwenyeji wake, isipokuwa mmea una namna ya kumbana. Katika jaribio la soya lililochapishwa mwaka 2003, vinundu vilivyowekwa kwenye hewa isiyo na nitrojeni, ili rizobia wasiweze kuutolea mmea, vilipunguziwa oksijeni na mmea, na rizobia waliomo wakazaliana kwa takribani nusu tu ya wenzao.

Mkulima anaweza kukagua mwenyewe maharage yanapoanza kutoa maua: ang'oe mche taratibu pamoja na udongo wake, apasue kinundu kwa ukucha. Wekundu ndani ni dalili ya nitrojeni inayotengenezwa. Weupe au ukijani ni dalili ya bakteria wasiofanya kazi.