Unataka Kusoma Saikolojia? Usiikimbie Hisabati

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, vijana huja idarani kwetu, wengine wakiongozana na wazazi, kuulizia saikolojia. Wengi husema, "Napenda kuwaelewa watu." Ni sababu njema. Lakini tukizungumza kidogo inajitokeza nyingine: wanatafuta fani isiyo na hesabu. Hao huniumiza moyo, maana mwaka wa kwanza tu watakutana na takwimu, na hakuna aliyewaambia. Sekondari za serikali hapa Tanzania hazina somo la saikolojia, kwa hiyo kijana huijua kwa kusikia redioni na mitandaoni.

Huwa nawapa mfano wa Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akajipima mwenyewe baada ya dakika, saa na siku. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Kisha akagundua jambo ambalo kila anayekesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani angepaswa kulijua: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Hiyo ndiyo saikolojia. Swali la kila siku, kipimo, halafu hesabu. Bila hesabu asingekuwa na la kutuambia zaidi ya "rudia rudia utashika", na hilo bibi zetu walikwisha lisema.

Mwenye shahada ya kwanza anaweza kufanya kazi kwenye ofisi za rasilimali watu, miradi ya watoto na vijana, utafiti, au unasihi shuleni akiongeza mafunzo ya ualimu. Anayetaka kutibu ajue mapema kwamba shahada hiyo haimtoshi. Atahitaji uzamili wa saikolojia tiba, kama unaotolewa Muhimbili, pamoja na mazoezi ya kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Na hata akifika huko, hataandika dawa. Kazi hiyo ni ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili, aliyesoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo ya vitendo mwaka mmoja, kisha ubingwa miaka 3. Wazazi wengi huwachanganya hawa wawili, na mtoto akachagua tahasusi isiyomfikisha anakotaka: anayeota kuwa bingwa pale hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, lazima apitie fizikia, kemia na biolojia.

Jirani zetu Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayomtaka mtoa huduma asajiliwe. Anayefikiria kufanya kazi huko aanze kuulizia masharti hayo akiwa bado chuoni.

Kabla hujajaza maombi, omba mtaala wa chuo unachokitaka. Hesabu kozi za takwimu, za mbinu za utafiti na wiki za mafunzo kwa vitendo. Zikiwa chache mno, uliza kwa nini.