Shira ya mepo sio asali

Kila Thanksgiving, ile sikukuu ya kushukuru, ikikaribia, kwa walioko Kanada ile Jumatatu ya pili ya Oktoba na sisi wa Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba, grupu la familia linajaa voisi za mapishi, viazi vitamu vya oveni, pai ya boga, batamzinga wa kupaka utamu juu, na lazima mtu mmoja aseme "halafu unaweka asali ya mepo", yaani ile maple syrup ya kwenye chupa. Mwaka jana nilinyamaza. Mdogo wangu kasikia asali, kaenda dukani kanunua asali, asali kweli ya nyuki, kamimina kikombe kizima kwenye treya ya viazi na moto kauacha uleule wa kwenye resipe, nusu saa baadaye juu peusi tii na ndani viazi bado vigumu. Yeye hakukosea kitu. Sisi ndo tulimpa neno baya.

Maana yenyewe ni fupi. Shira ya mepo ni utomvu wa mti wa mepo, ule mti wa jani la bendera ya Kanada, uliochemshwa mpaka ukawa mzito. Basi. Nyuki hayupo popote hapo. Mti unagemwa kwa kutoboa shina, waliokulia karibu na minazi hilo neno kugema wanalielewa bila maelezo, na kinachodondoka ni chepesi kama maji, sukari yake kama asilimia 2 tu, ndo maana inabidi uchemshe karibu lita 40 upate lita 1. Na wanagema mwisho wa baridi, Februari mpaka Aprili hivi, usiku unagandisha mchana unayeyusha, kwahiyo hii tunayopikia kwenye boga la Novemba ilishatoka mtini miezi mingi nyuma. Waanishinaabe na wenyeji wengine wa kule walikuwa wanapika sukari ya huu mti kabla Wazungu hawajafika.

Sasa neno. Shira kila aliyewahi kula kaimati za Ramadhani anaijua, sukari na maji jikoni mpaka ikivutwa inanata, unazitumbukiza kaimati zinakolea. Kuna dada aliniambia shira lazima iwe ya sukari ya kuyeyusha, kwahiyo ya mti haiwezi kuitwa shira. Hapana dada yangu. Neno tumelipata kutoka Kiajemi, shire, na kule ni maji ya tunda au ya mmea, hata utomvu ni shire, na juisi ya zabibu ikichemshwa mpaka ikawa nzito wanaiita shire ya zabibu mpaka leo. Yaani maana ya kiasili iko karibu na mti wa mepo kuliko ilivyo karibu na sufuria yetu ya sukari! Sisi ndo tuliibana ikabaki ya kaimati na visheti. Na hata kwa hiyo maana yetu iliyobanwa bado inaingia, maana ndani ya ule utomvu mna sukari na maji na wewe unachemsha, unachofanya tofauti na jikoni kwako ni nini? Wengine wanasema tuite sharubati kwa sababu neno la Kiingereza la kwenye chupa, syrup, limetoka kwenye sharab ya Kiarabu, kinywaji, na sharubati ni ukoo huohuo. Ni kweli, ni ukoo huohuo, ila sharubati ukiitaja mtu analeta glasi.

Asali nayo ni Kiarabu, asal, na inaanzia kwa nyuki. Najua kuna mtu atakuja na asali ya mua, na ana haki, wazee wamesema hivyo na kamusi zimeandika. Lakini asali ya mua inaeleweka kwa sababu mua tunaujua, tumeutafuna toka utotoni, hakuna atakayedhani nyuki walienda kukamua mua. Mepo hatuujui. Ukimwambia mtu asali ya mepo anaisikia kama asali ya alizeti, yaani nyuki waliruka wakaenda kwenye maua ya mepo wakarudi mzingani, na mepo kweli una maua na nyuki kweli wanayafuata! Kwahiyo umemtajia kitu kinachowezekana kuwepo duniani ila sicho kilichoko kwenye chupa, na hapo ndo linaponiuma.

Maana jikoni vinafanya kazi tofauti kabisa. Asali ina uchachu wake na ina sukari ya aina inayowahi kuungua, kwahiyo keki ya asali unaitilia bekingi soda kidogo na moto unaushusha kama nyuzi 15 za Selsiasi. Shira ya mepo sukari yake kwa sehemu kubwa ni hiihii ya mezani, haina ule uchachu, na theluthi yake ni maji. Resipe ikisema kikombe 1 cha sukari, weka robo tatu ya kikombe ya shira halafu punguza maziwa au maji vijiko vikubwa kama 3, la sivyo keki inalegea.

Na kuna la watoto, hili sio la jikoni tu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hapewi asali ya nyuki, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Nyumba ambayo kila kitu kitamu kizito kinaitwa asali, dada wa kazi au bibi anajuaje ipi ni ipi?

Halafu ile chupa ya bei rahisi ya pankeki nayo tusiiite mepo, soma lebo, mara nyingi ni shira ya mahindi iliyotiwa harufu. Harufu yenyewe mnaifahamu, chukueni uwatu muukaange kidogo kwenye kikaango, ule uwatu wa kwenye kabati la mama, mtasikia. Kitu kinachonukia kwenye uwatu kimo pia kwenye shira ya mepo, na wenye viwanda wanautumia uwatu kuigiza.

Kwahiyo shangazi, viazi vyako ndo vitamu kuliko vyote na mwaka huu navisubiri, ila ukituma voisi sema shira ya mepo. Atakayekuuliza shira gani hiyo, mwambie ya kaimati, ila imegemwa.