Mataji matatu mfululizo yapo, tena mara mbili

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti timu ya kikapu ya Boston ilibeba mataji 8 mfululizo, 1959 hadi 1966, ilhali katika futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, hakuna timu iliyowahi kubeba hata matatu.

La Boston ni kweli, ingawa ligi nzima ilikuwa na timu 8, baadaye 9. La pili si kweli. Timu ya Green Bay ilibeba 1929, 1930 na 1931, ikarudia 1965, 1966 na 1967. Watu huchanganywa na Super Bowl, fainali ya futiboli hiyo iliyoanza Januari 1967, maana orodha nyingi huanzia hapo. Fungua orodha ya mabingwa wa futiboli hiyo tangu 1920 utayaona mataji hayo. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.