Je, wajua kwa nini majike wa kipepeo huyu hawafanani?

Ukipita pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke au wa Usambara jua likishapanda, huenda ukamwona kipepeo mkubwa wa manjano mpauko, mwenye kingo nyeusi na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Huyo ni dume la Papilio dardanus. Jike lake laweza kukupita usilijue, kwani huku kwetu kwa kawaida halina mkia, na majike wenyewe wako wa sura nyingi: wengine weusi wenye mabaka makubwa meupe, wengine weusi wa madoadoa, wengine rangi ya chungwa. Wataalamu wa zamani waliwahesabu kuwa spishi mbalimbali, hadi mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa Afrika Kusini, alipoeleza kwamba wote ni majike wa dume lile lile.

Sababu ni ndege. Misitu hiyo ina vipepeo wa jenasi Amauris, wenye sumu mwilini. Ndege akishaonja mmoja akaona uchungu wake, ile rangi haigusi tena. Jike la dardanus halina sumu, analiwa vizuri tu, lakini amevaa sare ya Amauris na anaachwa apite. Yule wa rangi ya chungwa anamwiga Danaus chrysippus, kipepeo mwingine mwenye sumu.

Basi mbona wasiige mmoja tu? Kwangu mimi hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Waigaji wakizidi, ndege watakutana na watamu mara nyingi kuliko wachungu, na hofu itawatoka. Sura iliyo adimu inalindwa zaidi, kwa hiyo inazaa, inaongezeka, kisha faida yake inapungua na sura nyingine inapata nafasi. Kwa namna hiyo hakuna inayozifuta zenzake. Madagaska na Komoro hali ni nyingine kabisa: huko majike ni wa manjano na wana mikia, sawa na madume.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai yatakayotoa mabinti wa sura mbili au zaidi, na kwa kawaida huwapati wenye sura iliyochanganyika. Sura hizo hutawaliwa na sehemu moja ndogo ya kromosomu (uzi ndani ya seli unaobeba sifa za urithi), ambayo hurithiwa kwa pamoja. Dume naye anaibeba sehemu hiyo na kuwarithisha mabinti zake, ingawa kwenye mbawa zake mwenyewe haionekani.